Umeme wa soko huria na bei ya moshi: yanayosemwa kijiweni Kigoma

Kijiweni kwetu Mwanga, LUKU ikimwishia mtu tu, mada inarudi ile ile: "Wangeruhusu kampuni nyingi ziuze umeme, bei ingeshuka na moshi ungekoma." Habari ya bei tutabishana. Ya moshi ndiyo inayoniachisha kahawa.

"Soko likiwa huria, serikali inakaa pembeni."
Kinachofunguliwa ni uzalishaji, na pengine uuzaji. Nyaya hubaki kwa mmoja, kwa bei inayopangwa na mdhibiti, maana hakuna atakayesimika safu ya pili ya nguzo toka Nyakanazi, unakotokea umeme wa gridi, hadi kwetu ili kushindana na ya kwanza. Uzalishaji binafsi wenyewe si mgeni hapa nchini: kampuni ya Songas ilianza kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, umeme wa gesi mwaka 2004, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, bado ndiyo inayoidhinisha bei.

"Ushindani husafisha hewa."
Hapa tukae kidogo. Majimbo ya mashariki ya Marekani yaliwekea mitambo ya makaa ya mawe kikomo cha oksidi za nitrojeni, gesi chafu zilizomo kwenye moshi, kuanzia 2003 na 2004. Mwenye mtambo alichagua: afunge kifaa ghali kinachoweza kuondoa hadi asilimia 90 ya gesi hiyo, au arekebishe tanuri kwa fedha kidogo kisha anunue vibali vya kutoa moshi, toka kwa waliopunguza zaidi, kufidia kilichobaki. Mchumi Meredith Fowlie alichapisha matokeo mwaka 2010. Waliokuwa chini ya mdhibiti wa bei walielekea zaidi kufunga kifaa ghali, kwa kuwa mtaji wao ungerudi na faida juu kupitia bili za wateja. Waliokuwa wakiuza umeme kwenye soko huria hawakuwa na wa kuwarudishia, wakaenda na cha bei nafuu. Sheria ya moshi ilikuwa moja. Mifuko ndiyo iliyotofautiana.

"Kudhibiti moshi kunafilisi."
Soko la vibali vya dioksidi ya salfa, gesi chafu nyingine ya makaa, lilipoanza Marekani mwaka 1995, gharama zilikuja chini ya zilizotabiriwa. Na soko huria lilichangia kweli, ila lilikuwa la reli! Sheria ya huko ya 1980 ililegeza upangaji wa nauli za mizigo ya reli, na makaa ya jimbo la Wyoming yenye salfa kidogo yakafika mbali kwa bei nafuu. Sisi tunaoishi reli inapoishia hatuhitaji kuelezwa behewa linavyopandisha au kushusha bei ya kitu.

"Kigoma tulikuwa tunajilipia dizeli yetu."
Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta, lakini bei ya uniti ilikuwa sawa na ya Dar es Salaam, kwa hiyo pengo la dizeli lilibebwa na wateja wa nchi nzima. Moshi na ngurumo vilibaki huku kwetu, na havikuandikwa kwenye bili ya mtu yeyote.