Je, wajua kwa nini redio ya lori jipya hukwaruza njia ya Malindi hadi Lamu?

Redio ya lori ikitafuta vituo ikafika namba 90 halafu ikarudi 76, haijaharibika. Inafanya kazi iliyoundiwa, ila iliundiwa Japani na sasa iko Malindi.

Malori ya aina hii, yaliyotoka Japani, hushushwa melini bandari ya Kilindini, Mombasa, yakaletwa huku kubeba chumvi ya Gongoni na Marereni, mawe ya ujenzi, au bidhaa za kupeleka Mokowe zikavushwe kwa boti hadi Lamu. Lori linang'aa, injini inaitika, lakini dereva akifungua redio apate taarifa ya habari anaambulia mkwaruzo. Ushauri wa kwanza anaopewa ni kung'oa redio anunue nyingine. Mimi naona huo ni ushauri wa haraka mno. Mkwaruzo una vyanzo kadhaa, na redio mpya hutibu kimoja tu.

Tuanze na namba zenyewe. Megahezi moja ni mapigo milioni moja ya wimbi kwa sekunde. Kenya, kama nchi nyingi duniani, inatumia FM ya megahezi 87.5 hadi 108. Japani ilichukua njia yake, 76 hadi 90, na sababu ni televisheni. Enzi za analogi, masafa ya 90 hadi 108 huko yalikuwa ya chaneli za televisheni za 1, 2 na 3, kwa hiyo redio ikakaa chini yake. Analogi ilizimwa katika sehemu kubwa ya Japani Julai 2011, nafasi ikapatikana, na kuanzia 2014 vituo vya redio vya huko vikaanza kupanda hadi 95. Ndiyo maana lori la miaka ya karibuni linaweza kuwa na redio inayofika 95, na la nyuma kidogo likaishia 90. Hilo la 90 likiwa huku hupata vituo vilivyo kati ya 87.5 na 90 basi. Vingine vyote halivisikii hata ukiliegesha chini ya mnara.

Lori lililounganishwa hapa Kenya kwa kawaida halina shida hii. Na kama redio yako ni zile za kioo cha kugusa, ingia kwanza kwenye mipangilio utafute sehemu ya eneo. Nyingi zina chaguo la Japani, Marekani na Ulaya. Chagua Ulaya, na huenda ukamaliza kazi bila kutoa hata shilingi. Marekani nayo ina kasoro yake: redio za huko huruka kwa hatua za 0.2 zikisimama kwenye desimali za witiri tu, hivyo kituo kilichoko kwenye desimali ya shufwa hukosa pa kusimama.

Dawa ya bei nafuu kwa redio ya Kijapani ni ekspanda, kijisanduku kinachoenea kiganjani, kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Ekspanda ya kushusha 12 humfanya msikilizaji wa kituo cha 100 akipate kwenye 88, na cha 95 akipate kwenye 83. Lakini angalia hesabu: FM yetu ina upana wa megahezi 20.5, na redio inayoishia 90 ina upana wa 14. Zote haziwezi kuingia. Ukishusha 12 unafika 102 tu, na kituo cha 104 kitabaki nje. Kwa hiyo kabla hujanunua, andika namba za vituo unavyovisikiliza kila siku, umpe fundi achague ekspanda inayovifikia. Jambo la pili ni umeme. Malori mengi yana volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, na ekspanda nyingi za madukani ni za volti 12. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 24 inaungua, kisha lawama inarudi kwa redio.

Tuseme namba sasa zinalingana na bado sauti inakwaruza. Hapo nenda kwenye antena, na hapa ndipo ningetaka dereva atulie, kwa sababu antena haitazamwi sana na ndiyo inayobeba shida nyingi za Pwani.

Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Antena ya fimbo husikia vizuri ikikaribia robo ya urefu huo, sentimita 75 hivi. Malori mengi ya Japani yana antena ya kuvuta, pembeni mwa kioo cha mbele. Nimeona dereva akiilaumu redio ilhali fimbo yote imezama ndani, imebaki ncha ya urefu wa kidole. Ivute mpaka mwisho kwanza. Ikiwa pingili zake zinakwama au zimeota kutu, zisugue kwa msasa laini kisha zipanguse, maana umeme mdogo wa redio lazima upite kwenye kila kiungo.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la kabini, na hizo mbili hukutana kwenye kitako pale antena ilipofungiwa. Fungua skrubu za kitako cha lori lililopakwa rangi upya utaona: chini ya raba kuna rangi safi, nene, imefunika bati lote. Rangi haipitishi umeme. Kitako kimekaa juu yake kimeshikiliwa na skrubu moja au mbili, nazo zikishapata kutu, antena inabaki bila nusu yake. Lori la chumvi ndilo huumia mapema. Vumbi la chumvi huingia chini ya raba, hunyonya unyevu wa usiku, na baada ya miezi michache utakuta waya wa shaba umeshika ukungu wa kijani na nyuzi zake zinakatika ukizigusa. Kwangua rangi sehemu ndogo tu, ile itakayofunikwa na kitako, bati lionekane jeupe, funga tena, kisha paka grisi juu na pembeni ili chumvi isipate pa kuingilia.

Fundi mwenye mita ya kupima umeme, akiiweka kwenye omu, atapima kwa muda mfupi. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Kati ya ganda la nje la plagi na bati la lori mita isome karibu na sufuri. Kati ya pini ya katikati na fimbo yenyewe, vilevile. Kati ya pini na ganda isisome kitu kwenye antena ya fimbo ya kawaida. Ikisoma, waya umegusana ndani au maji yameingia.

Kuna antena nyingine fupi, zile za raba au zilizochorwa kwenye kioo, ambazo zina kikuza mawimbi kidogo ndani kinachohitaji umeme. Kwa redio nyingi umeme huo hutoka kwenye waya wa buluu. Ukibadilisha redio, fundi akauacha waya huo unaning'inia, redio mpya itasikia vibaya kuliko ile uliyoitoa.

Chanzo kinachofuata kimo ndani ya lori lenyewe. Chaji ya simu ya bei rahisi, taa za LED, kamera ya mbele, traka ya kufuatilia lori liliko, na zaidi ya vyote kile kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, vyote hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hurusha mawimbi yake. Kituo cha mbali huwa dhaifu sana kinapofika kwenye fimbo, basi kukisikia ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona mlangoni pa kinu cha posho. Dizeli ina nafuu moja, haina plagi za kuwasha moto, hivyo ule mkwaruzo wa cheche unaosumbua magari ya petroli haupo.

Jaribio lake halina gharama. Zima injini, acha ufunguo kwenye hatua ya redio, chagua kituo dhaifu, usikilize. Chomoa chaji. Washa taa, zima. Kisha washa injini ukanyage mafuta taratibu. Mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyopanda unatoka kwa altaneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri. Hapo chomoa antena: mlio ukibaki, unaingia kwa waya za umeme na tiba ni kichujio kwenye waya wa redio na kuikaza nati ya negativu. Ukipotea, uliingia kwa antena, basi usogeze waya wa antena mbali na nyaya nyingine. Ukikuta waya huo uko karibu na spidi gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo, hiyo ni ya sheria, usiiguse. Sogeza waya wako tu. Na usikubali redio ya volti 12 iungwe kwenye betri moja kati ya mbili ili kukwepa kifaa cha kushusha volti. Betri hiyo huishiwa chaji kabla ya mwenzake, ile nyingine huchajiwa kupita kiasi, na mwishowe hufa zote mbili.

Ukishamaliza hayo yote, bado kuna umbali, na huo hauna fundi. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 3 kutoka ardhini huonana mpaka karibu kilomita 48. Zaidi ya hapo sauti hufifia kwa haraka. Pale Ngomeni, ukiwa unapita Gongoni, kuna kituo cha anga cha Waitalia ambacho hupokea mawimbi ya setelaiti zilizo mamia ya kilomita juu, kwa sababu hakuna kitu kati yao. Wewe uliye barabarani unaukosa mnara wa kilomita 80 kwa sababu katikati yenu imesimama ardhi yenyewe. Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo kukatika njiani ni jambo la kutarajiwa. Hifadhi vituo vya mbele kabla ya safari. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Garsen hadi Lamu, taarifa ya redio ilikuwa na thamani kubwa kwa aliyekuwa bado hajavuka.

Utagundua pia kwamba ukienda kaskazini kituo cha Malindi hukatika mapema kuliko kinavyorudi ukiwa unateremka. Bodi la chuma lililo nyuma ya kabini lina upana unaokaribia urefu wa wimbi, na ukiupa mnara mgongo linakuwa kati ya mnara na fimbo yako. Lori la bodi wazi halisumbuki sana. La kontena hupata nafuu antena ikiinuliwa juu ya paa la kabini.

Na usiku wa joto, bahari ikiwa shwari, hewa kavu ya nchi kavu inaweza kutanda juu ya hewa baridi yenye unyevu wa bahari, ikayapinda mawimbi ya FM yafuate uso wa maji kwa mamia ya kilomita. Hapo kituo cha mbali huingia juu ya kile unachokijua, na kwa kuwa redio ya FM hushika chenye nguvu zaidi na kukinyamazisha kingine, utasikia vikipokezana ghafla. Usiku huo usiguse ekspanda wala waya. Jua likipasha ardhi hewa huchanganyika, na kituo chako hurudi palepale kilipokuwa.