Kanoni ni nini: Edward alimpata Winry, na pia hakumpata

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kondele, Kisumu, kwenye kibanda cha filamu ambako mpwa wangu huenda kuwekewa anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye flashi. Shule zimefungwa, na binti huyu alikuwa na swali moja lililomkosesha usingizi: je, Edward na Winry wa Fullmetal Alchemist walioana? Kijana wa kibanda alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Hawakuoana. Hiyo ya kuoana si kanoni." Mteja mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake akadakia, "Ni kanoni kabisa, mimi nimeiona mwenyewe!" Wakashikana maneno hapo hapo, kila mmoja akilirudia neno lile kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Mpwa wangu akanigeukia: "Anko, kwani kanoni ni nini?"

Nimelisikia neno hili likipotoshwa mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandikia.

Kanoni ni jumla ya mambo yanayohesabiwa kuwa yametokea ndani ya hadithi, kwa mujibu wa toleo fulani lililochukuliwa kuwa msingi. Yaliyomo katika toleo hilo ni kanoni. Yaliyobuniwa na mashabiki, hata yakiwa matamu namna gani, hayamo. Maana ni hiyo tu, na haina ugumu. Shida iko kwenye maneno mawili ambayo watu huyadondosha njiani: "toleo fulani".

Ili uone kwa nini maneno hayo hayaachiki, inafaa ujue neno lenyewe limetoka wapi, na limetoka kwenye mmea. Kwa Kiebrania cha kale tete huitwa qaneh. Wagiriki walilipata neno hilo kutoka lugha za Kisemiti, wakawa na kanna, yaani tete, na kanon, yaani fimbo iliyonyooka ya kupimia. Ukifungua Ezekieli sura ya 40 utamkuta mtu amesimama langoni, mkononi ana uzi wa kitani na mwanzi wa kupimia wenye urefu wa dhiraa sita, na kwa mwanzi huo anapima ukuta, vizingiti na vyumba. Katika Kiebrania, mwanzi huo ndio qaneh. Kabla kanoni haijawa orodha ya vitabu au ya vipindi vya televisheni, ilikuwa bua mkononi mwa mtu anayepima.

Jambo hili sikulielewa kitabuni. Nililielewa Dunga, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria ambako mafunjo yamesimama mpaka ndani ya maji. Kuna mama mmoja huko anayesuka mikeka ya mafunjo. Futi hana. Ana bua moja lililokauka, limekatwa ncha zote mbili, limeng'aa katikati kwa kushikwashikwa. Akimaliza kusuka hulilaza bua lake juu ya mkeka, akaweka alama kwa ukucha, ndipo akakata. Siku moja nilimwuliza kwa nini mikeka ya jirani yake ni mifupi kidogo kuliko yake. Hakumsema jirani vibaya, wala hakudai kwamba yake ndiyo sahihi. Alinijibu tu, "Yule ana bua lake."

Kanoni ni bua. Mkeka mfupi si wa uongo, umepimwa kwa bua jingine.

Neno hilo la Kigiriki liliingia katika Kiarabu likawa qanun, na kwa njia hiyo tukalipata sisi Waswahili kama kanuni. Kwa hiyo kanuni na kanoni ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alifika zamani kwa jahazi na mwenziwe ameingia juzi kwa intaneti. Wanaosahihisha wenzao, "Usiseme kanoni, sema kanuni," wana nia njema, lakini wanachanganya ndugu hao. Kanuni inakuelekeza: fanya hivi, usifanye vile. Kanoni haimwelekezi mtu kufanya lolote, inaonyesha tu kilichomo na kisichomo. Ndugu wa tatu yuko katika taarabu ya Unguja, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kuitwa ganuni. Wa nne ndiye anayeniudhi kwa tahajia yake: Kiingereza kinapoliandika neno hili kwa n mbili katikati, limeshageuka kuwa mzinga wa vita, kama ile iliyoko Fort Jesus. Mzinga nao una asili ya tete, kwa kuwa ni mrija mtupu ndani. Lakini ukiandika kwa n mbili kwamba penzi la fulani na fulani ni kanoni, umesema penzi lao ni mzinga.

Kanisa ndilo lililolihamisha neno kutoka kwenye kupima kwenda kwenye orodha. Mwaka 367 Askofu Athanasio wa Aleksandria aliandika barua ya Pasaka akavitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tunavyovijua leo. Agano la Kale makanisa hayakulipima sawa. Nyumbani kwetu mama ni Mkatoliki, na baba alilelewa upande wa Kaimosi katika kanisa la Friends. Biblia ya mama ina vitabu 73, ya baba ina 66. Katika ya mama kuna Kitabu cha Tobiti, na ndani yake kuna kijana Tobia anayemwoa Sara, binti aliyekuwa amefiwa na waume saba, kila mmoja usiku wa arusi. Nilipokuwa mdogo niliipenda sana hadithi hiyo, nikataka baba naye anisomee. Akaifungua Biblia yake, akanionyesha kwamba humo haimo. Hakusema mama anasoma uongo. Alisema, "Kaiombe ya mama yako." Mtu akiniuliza leo kama ndoa ya Tobia na Sara imo katika kanoni, nitamwuliza kwanza anashika Biblia ipi, na hakuna atakayeniona nakwepa swali.

Kutoka kanisani neno liliingia kwenye hadithi za kubuni kupitia wasomaji wa Sherlock Holmes. Mwaka 1911 Mwingereza Ronald Knox alisoma insha iliyozichambua hadithi za mpelelezi huyo kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia. Baadaye hadithi 60 za mwandishi wake Conan Doyle, riwaya nne na hadithi fupi 56, zikawa ndizo kanoni ya Holmes. Mashabiki wa anime wamerithi neno kutoka huko, ila wamelirithi bila bua.

Sasa turudi Kondele. Mwandishi Hiromu Arakawa alianza kuchapisha manga, yaani hadithi ya picha kwenye karatasi, ya Fullmetal Alchemist mwaka 2001 na akaimaliza mwaka 2010. Anime ya kwanza ilitoka mwaka 2003, yeye akiwa bado mbali na mwisho. Watengenezaji, kwa ridhaa yake, wakaunda mwisho wao katika vipindi 51. Humo Edward anajitoa ili mdogo wake Alphonse apate mwili tena, na yeye mwenyewe anatupwa upande wa pili wa Lango, Ujerumani, katika dunia yetu hii. Filamu ya mwaka 2005 ikamalizia: anarudi kwao kwa muda mfupi tu, Winry anamfungia mkono mpya wa chuma, kisha anaondoka tena, na safari hii Alphonse anamfuata. Winry anabaki. Aliyetazama hiyo akasema hawakuoana amesema kweli.

Mwaka 2009 ikaja anime ya pili, Brotherhood, yenye vipindi 64, ambayo inaifuata manga hadi ukurasa wa mwisho. Humo Edward anautoa uwezo wake wa alkemia, ule wa kugeuza kitu kuwa kingine, ili amrudishe Alphonse, na miaka miwili baadaye yuko kwenye kituo cha treni na Winry. Anashindwa kusema. Anababaika, uso umemwiva, mwishowe anaropoka kwa lugha pekee anayoijua, ya kubadilishana vitu vyenye thamani sawa: atampa nusu ya maisha yake, naye Winry ampe nusu ya yake. Winry anamshangaa, kisha anasema atampa yote. Halafu anaanza kupiga hesabu: labda asilimia 90, labda 80, labda 85? Edward anacheka mpaka basi. Baadaye tunaiona picha ya ukutani, wako pamoja na watoto wawili. Aliyetazama hiyo akasema walioana naye amesema kweli.

Walichokosea wote wawili pale kibandani ni kulitumia neno kanoni kama rungu. Kijana alimaanisha "sikuiona". Mteja alimaanisha "nimeiona". Hakuna aliyetaja bua.

Wapo pia wanaodhani kanoni maana yake ni kilicho rasmi. Anime ya 2003 ilikuwa rasmi: ilirushwa kwenye televisheni kihalali, na mwandishi aliridhia. Bado si kanoni ya manga. Vivyo hivyo vile vipindi vya kujazia ambavyo mashabiki huviita fila, vinavyowekwa ili manga ipate nafasi ya kutangulia mbele. Vimetengenezwa kihalali kabisa, lakini ukizipima kurasa za mwandishi huvikuti.

Na wapo wanaochanganya kanoni na shipu. Shipu ni jozi ya wahusika ambayo shabiki anatamani wapendane. Neno limekatwa kutoka neno la Kiingereza la uhusiano, na lilienea miaka ya 1990 kwa mashabiki wa tamthilia ya televisheni The X-Files waliotamani wahusika wake Mulder na Scully wawe pamoja. Kushipu ni kutamani, na mtu hakatazwi kutamani. Mimi mwenyewe nimeshipu watu ambao waandishi wao hawakuwahi hata kuwaketisha meza moja. Kosa ni kuhamisha: kuitamani jozi leo na kesho kuiita kanoni, au kuichukia jozi iliyomo na kusema "hiyo si kanoni" kana kwamba kuchukia kunafuta.

Hili lilionekana wazi kwa hadithi nyingine, Inuyasha. Anime yake ya kwanza ilikoma mwaka 2004 kwenye kipindi cha 167, adui Naraku akiwa bado hai, na mashabiki wakabaki miaka wakiuliza kama Kagome na Inuyasha waliishia pamoja. Manga ya Rumiko Takahashi ilikwisha mwaka 2008, na vipindi 26 vya kumalizia vikatoka 2009 hadi 2010: baada ya kisima alichopitia Kagome kwenda zama za Inuyasha kufungwa kwa miaka mitatu, anarudi na kubaki. Swali likajibiwa kwa mabua yote mawili. Kisha mwaka 2020 ikaja Yashahime, hadithi ya mabinti wa kizazi kilichofuata, ambamo mama wa mapacha wa Sesshomaru, kaka yake Inuyasha, ni Rin. Wengi waliumia, kwa sababu Rin walimjua akiwa mtoto mdogo anayemfuata Sesshomaru porini. Wakasema si kanoni.

Hapo nataka tuwe waangalifu, maana sababu mbili tofauti zimefichwa ndani ya sentensi moja. "Si kanoni kwa sababu imenichoma moyo" si hoja ya kanoni, ingawa ni hoja, na anayo haki ya kuitoa kwa jina lake: sema imekuchoma, na useme kwa nini. Mimi nami sikuipenda. "Si kanoni ya manga ya Takahashi, kwa sababu yeye alichora sura za wahusika wakuu lakini hadithi hakuiandika yeye" ni hoja ya kanoni, inapimika, na unaweza kuijadili na mtu bila kugombana. Ukiichukua anime kuwa msingi wako, Yashahime imo. Ukishika manga, haimo.

Pale Kondele nilimwomba kijana anionyeshe alivyovipanga vipindi. Kila kitu kilikuwa kwenye folda moja, 51 na 64 vimechanganyika kwa namba: cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili. Hata mpwa wangu, kumbe, alikuwa amevitazama kwa kurukia huku na huku, ndiyo maana hakulala. Sikumlaumu kijana, huletewa vikiwa hivyo hivyo. Tulikaa tukavitenga. Folda ya kwanza akaiandika "2003, mwisho wake yenyewe". Ya pili akaiandika "2009, kwa manga". Halafu akamwuliza binti, kwa upole kuliko mwanzo, "Kwa hiyo unataka kujua walioana kwa ipi?" Akasema anataka zote mbili, ila aanze na ile ya kituo cha treni.