Katapila likivuta upande mmoja: maneno ya saiti na ukweli wa mashine

Saiti yoyote ya barabara haikosi mtu anayetaja ugonjwa wa katapila kabla hajalisogelea. "Klachi ya kushoto hiyo, fungueni." Klachi inafunguliwa, inafungwa, siku mbili za kazi zimekwenda, na mashine bado inavuta kushoto. Swali lililorukwa ni hili: inavuta lini? Ikiwa na mzigo au ikitembea tupu, ikiwa baridi au imeshachemka, ikienda mbele au ikirudi nyuma?

"Likivuta upande, klachi ya upande huo imekwisha."

Inawezekana, kwa mashine zenye klachi mbili, kila moja ikipeleka nguvu ya injini kwenye mnyororo wake wa kutembelea. Lakini klachi inayoteleza hujitokeza mzigo unapokuja. Ikiwa ya kulia ndiyo imechoka, mnyororo wa kulia hupungua mwendo pale bledi (bamba la mbele la kusukumia udongo) inapojaa, na mashine inaelekea kulia. Inyanyue bledi, utembee kwenye tambarare, na huenda ikanyooka kabisa. Basi mashine inayovuta hata bledi ikiwa juu inakuelekeza kwingine: breki inayoshika wakati haijakanyagwa, ambayo utaijua kwa joto la upande wake, au mnyororo mmoja uliokazwa kuliko mwenzake. Na kabla hata ya hayo, itazame bledi. Ikiwa imeinama upande mmoja, au kisu chake kimelika kona moja, udongo utaivuta mashine nzima, na hakuna fundi wa klachi atakayeiponya.

"Presha ya oili ikishuka, breki hulegea."

Hii ndiyo inayogharimu zaidi, kwa sababu kwenye mashine nyingi za sasa mambo ni kinyume. Chukua Caterpillar D6R yenye klachi na breki za steringi. Breki yake hufungwa na springi, na oili kazi yake ni kuifungua. Klachi nayo hubanwa na presha ya oili. Presha ikipungua, breki inaanza kushika na klachi inaanza kuteleza kwa wakati mmoja. Mashine inakuwa nzito, oili inapata moto, opereta anasema injini haina nguvu, na injekta (vinyunyizio vya mafuta vya injini) zisizo na kosa zinang'olewa.

Kipimo cha kwanza hapa ni geji ya presha, spana baadaye. Pande zote mbili zikiwa dhaifu, tafuta kinachotumiwa na zote mbili: kiwango cha oili, chujio, pampu. Upande mmoja tu ukiwa dhaifu, tatizo liko kwenye vali ya upande huo au sili za ndani zinazovujisha. Pale ambapo vali za umeme za kushoto na kulia ni za aina moja, zibadilishane nafasi: ugonjwa ukihama, umeipata vali mbovu bila kufungua kitu kikubwa, ukibaki palepale, sababu haiko kwenye vali. Halafu toa kichujio cha wavu uone kilichonaswa. Magamba ya kahawia ni ya sahani za klachi au breki. Chenga zinazong'aa na kushikwa na sumaku ni za gia au bearing, na hapo usiendelee kufanya kazi.

Hayo ya klachi za steringi hayaihusu D8R wala D8T, ingawa kwa nje utaziona ni ndugu. Hizo hazina klachi za steringi kabisa. Mota moja ya haidroliki huongeza mwendo wa mnyororo mmoja na kupunguza wa mwingine kupitia gia, kwa hiyo anayesema "klachi ya kushoto ya D8T" anazungumzia kitu kisichokuwemo.

"Ukivuta kulia likaenda kushoto, limefungwa kinyume."

Kwa makatapila ya zamani, yale yenye mkono wa klachi na pedali ya breki vilivyotengana, hiyo ni tabia ya mteremko. Ukiachia klachi ya kulia bila kukanyaga breki yake, mnyororo wa kulia haushikwi tena na injini, unateremka kasi kuliko wa kushoto, na pua inaelekea kushoto. Wageni huogopa sana. Dawa yake ni breki.

"Mnyororo ukichomoka, ulilegea. Kaza."

Kulegea ni sababu mojawapo tu. Mnyororo huchomoka pia kingo za rola (magurudumu madogo yanayobeba mnyororo) na aidla (gurudumu la mwisho linaloongoza mnyororo) zikiisha, fremu ikipinda, springi ya nyuma ya aidla ikivunjika, au ukigeuza ghafla kwenye mteremko wa ubavu huku mawe yakiingia. Ukishaurudisha na kuukaza, kisha baada ya muda mfupi ukalegea tena, kagua sili ya silinda ya grisi inayokaza mnyororo.

Kukaza mno kunaua haraka. Pini na bushi za viungo vya mnyororo, na sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha), husagana kila mzunguko, na nguvu ya injini inaliwa humo humo. Komatsu nyingi huruhusu mnyororo kulegea na kushuka milimita 20 hadi 30 kati ya aidla na rola ya juu. Modeli nyingine zina kipimo chake, kifuate kitabu. Usioshe tope kwanza. Tope lililojaa ndilo linalokaza mnyororo kazini, basi pima ukiwa nalo, mashine ikiwa imeachwa itembee hadi isimame yenyewe bila kukanyagwa breki. Ukipunguza grisi, legeza vali taratibu, si zaidi ya mzunguko mmoja, uso ukiwa pembeni: grisi hiyo ina presha ya kupenya ngozi.

"Funga sproketi mpya, mnyororo utapona."

Pini na bushi zikisagika kwa ndani, nafasi kati ya pini na pini hurefuka, na meno mapya hayakai sawa juu ya mnyororo uliorefuka; husagana na kuisha mapema. Pima pini kadhaa kwa pamoja, mnyororo ukiwa umevutwa. Kwa minyororo iliyozibwa yenye oili ndani ya pini, pitisha kipimajoto kwenye ncha za pini mara tu kazi inapokwisha. Pini yenye joto kuliko wenzake imekauka, na ndiyo ya kuwekewa alama ya chokaa kabla mashine haijapoa.