Haki za msimamizi kwenye Linux: nani hasa anapewa?

Ukienda kwa mafundi wa kompyuta Kariakoo, ukawaeleza kwamba faili la mfumo linagoma kuhifadhi mabadiliko, jibu ni lile lile: "Ingia kama admini." Wanafunzi wao wanalibeba hivyo hivyo hadi mitaani. Linapotosha.

Haki za msimamizi ni ruhusa ya kugusa vitu vya root, mtumiaji namba 0, ambaye mfumo haumkatalii karibu lolote. Andika ls -l /etc/hosts, amri ya kuonyesha ruhusa za hosts, faili mojawapo la mfumo, utaona -rw-r--r-- na jina root mara mbili. Maana yake wote mnasoma, anayeandika ni yeye tu.

Shida inaanzia kwenye sudo, amri inayotangulizwa mbele ya amri nyingine ili kuazima haki hizo. Watu wanaamini kwamba wakishaweka neno la siri, wao wenyewe wamepanda cheo. Hawajapanda. Sudo, ambayo Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliiandika mnamo 1980 huko Buffalo, Marekani, huendesha amri moja kwa jina la root, basi. Anayepewa haki ni ile programu uliyoitaja, kwa muda wote itakaokuwa wazi. Kwa hiyo ukiandika sudo gedit /etc/hosts (gedit ni kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi), unakuwa umeikabidhi gedit nzima mamlaka juu ya mashine, pamoja na viongezi vyake na dirisha lake la kufungulia mafaili, wakati ulichotaka ni kubadili mstari mmoja. Tena kwenye mifumo ambayo sudo huiachia programu folda yako ya nyumbani, mipangilio huandikwa humo kwa jina la root. Kesho yake unaifungua kwa jina lako, haihifadhi kitu, na lawama zote zinaiangukia Linux.

Sudoedit, amri ndugu ya sudo iliyo ya kuhariri mafaili, inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Inatengeneza nakala ya muda iliyo mali yako, inaifungua kwa kihariri chako kikiwa na haki zako za kawaida, na ukishahifadhi na kufunga, yenyewe ndiyo inarudisha maandishi mahali pake. Root anahusika mwanzo na mwisho tu. Kule kati, unapotaipu, kihariri hakina uwezo wa kuharibu kingine chochote cha mfumo.

Wapo pia wanaoshauri chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote, kwenye /etc nzima, folda ya mipangilio ya mfumo, "ili isisumbue". Huu ushauri unaniumiza kweli. Sudo ikikuta /etc/sudoers, faili linalosema nani anaruhusiwa kuitumia, linaandikika na kila mtu, inakataa kufanya kazi, na kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, akaunti ya root yenyewe imefungwa tangu siku ya kwanza. Mteja aliyekuja na tatizo la mstari mmoja anaondoka na mashine inayohitaji kuwashwa kwa hali ya uokoaji.

Basi fundi, mteja akikuuliza, usimtume aingie kama admini. Mwambie aandike sudoedit, aache nafasi, kisha njia kamili ya faili.