Kinga ya mwili na makali ya UVIKO-19

Dhana: Mwenye kinga imara hawezi kuzidiwa na UVIKO-19.

Kinga si kitu kimoja cha kupimwa kwa nguvu tu. Seli ikivamiwa na virusi hutoa protini ziitwazo interferoni, ambazo huzitahadharisha seli jirani zijikinge. Alick Isaacs na Jean Lindenmann ndio waliozieleza kwanza, London mwaka 1957, wakichunguza virusi vya mafua. Interferoni zikichelewa, virusi huzaliana bila kizuizi. Baadaye saitokini nyingine (protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo), kama interleukini-6, huongezeka na kuchochea uvimbe unaoumiza mapafu.

Tena, wapo ambao mwili wao wenyewe huzizuia interferoni. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wagonjwa 987 waliokuwa mahututi: 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazozishambulia interferoni zao, na 95 kati ya hao walikuwa wanaume. Miongoni mwa watu 663 walioambukizwa bila dalili au wakaugua kidogo, hakupatikana hata mmoja. Mtu anaweza kuwa na kingamwili hizo na asijue, akala vizuri na kufanya mazoezi maisha yake yote. Kwa hiyo kuwaambia wafiwa kwamba marehemu wao hakujali kinga yake ni kuwaonea.

Dhana: Deksamethasoni hutibu korona, basi iwahi mapema.

Hapa ndipo pa hatari zaidi. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha mwaka 2020 kwamba miligramu 6 kwa siku, zisizozidi siku 10, zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Dawa hii hutuliza kinga. Ukiinunua dukani siku ya pili ya homa, unaituliza wakati ambao mwili unaihitaji kupambana na virusi.

Dhana: Kama interferoni ndiyo kinga ya mwanzo, mgonjwa adungwe interferoni.

Jaribio la Solidarity la Shirika la Afya Duniani liliwapa interferoni beta-1a wagonjwa waliolazwa, na vifo havikupungua. Wengi hufika wodini hatua ya mwanzo imeshapita. Kilichosaidia baadhi ya waliozidiwa ni kuzuia ishara za interleukini-6: katika RECOVERY, waliopewa tosilizumabu, dawa inayozizuia ishara hizo, walikufa 31% ndani ya siku 28, wasiopewa 35%.