Mpunga ukichelewa kuchanua, usikimbilie kusema mbegu ni feki

Kila ifikapo Machi na Aprili, wakulima wa mabonde ya Mtwara na Lindi hutuletea lalamiko lilelile: mpunga wa jirani umeshatoa masuke, wangu bado majani matupu, basi nimeuziwa mbegu feki. Zipo nyakati ambapo ni kweli. Lakini mara nyingi mbegu ni nzima, ila mwenye shamba hajui aina aliyosia.

Mpunga kwa asili ni mmea wa siku fupi, yaani huchanua mchana ukiwa mfupi. Jani ndilo linalopima mchana. Mchana ukipungua hadi kiwango cha aina hiyo, jeni (chembe ya urithi) iitwayo Hd3a huamka, na protini yake husafiri kutoka jani hadi ncha ya shina, ambako majani hukoma na suke kuanza kuumbika. Watafiti wa Japani walilionyesha hilo mwaka 2007. Jeni nyingine, Hd1, huzuia kuchanua mchana ukiwa mrefu na huhimiza ukiwa mfupi. Katika aina nyingi za nchi za joto, Hd1 imepoteza nguvu, ndiyo maana huchanua kwa umri tu. Mfano ni aina ya SARO 5, ambayo haingoji mchana ufupike. Hukomaa kwa takriban siku 120. Na hapa niseme wazi: SARO 5 ilipatikana kwa kuchavusha aina kwa aina, haikupandikizwa jeni maabara. Uvumi kwamba ni mpunga wa kupandikizwa jeni umetuchosha.

Wengine husema huku kwetu usiku na mchana ni sawa. Si sawa. Mtwara mchana wa Desemba hufikia urefu wa saa 12 na dakika 40 hivi, wa Juni saa 11 na nusu, na mpunga hutambua tofauti ya nusu saa. Kwa hiyo aina inayofuata mchana, ikisiwa Desemba au ikisiwa mwisho wa Januari, itachanua karibu wakati mmoja, na aliyechelewa atapata machipukizi machache. Ukiisia Agosti kwenye skimu ya umwagiliaji kama Kitere, mchana unarefuka mbele yake, utalisha maji majani kwa miezi. Hata jaruba lililo chini ya taa ya usiku huchelewa, kwa kuwa mwanga huo huizuia Hd3a. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Dalili ya mbegu mbovu ni hii: katika jaruba moja lililosiwa siku moja, mashina mengine yamechanua, mengine yamebeba mimba, mengine majani tu. Huo ni mchanganyiko. Jaruba zima likichelewa kwa pamoja, hiyo ni tabia ya aina.

Ukiona mchanganyiko, usivune wala usiingize ng'ombe. Tunza stakabadhi, mfuko, lebo yenye namba ya kundi la mbegu, na mbegu iliyobaki hata kama ni konzi moja. Mweleze afisa ugani wa kata kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kusia, naye awasiliane na wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Chini ya Sheria ya Mbegu Na. 18 ya mwaka 2003, muuzaji lazima awe amesajiliwa, na kuuza mbegu kinyume cha sheria kunaweza kumletea faini au kifungo. Aliyenunua mpunga wa kula kwa debe sokoni akausia, bila lebo wala stakabadhi, anatuachia shauri lisilo na pa kuanzia.