Mashua za Mizigo za Mifereji ya Uingereza: Dhana Potofu na Ukweli

"Reli ndiyo iliyoziua." Hilo husemwa haraka kila zinapotajwa mashua nyembamba za mifereji ya Uingereza, nalo si kweli. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo ya Worsley, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa karibu nusu. Reli ya Liverpool na Manchester ilianza mwaka 1830. Lakini safari ya mwisho ya masafa marefu iliyofanywa kwa ratiba, ya makaa kutoka Atherstone hadi kiwanda cha jemu cha Southall, magharibi mwa London, ilikoma Oktoba 1970. Hiyo ni miaka 140 ya kushindana na reli! Waliozimaliza ni malori, pamoja na baridi kali ya 1962–63: mifereji iliganda kwa wiki nyingi, wenye mizigo wakatafuta usafiri mwingine, na wengi wao hawakurudi.

Madhara ya reli yalikuwa ya aina nyingine, nayo yaliwaangukia watu. Wengi hudhani familia ziliishi mashuani tangu mwanzo, tena kwamba zilikuwa za Wajipsi. Mwanzoni wafanyakazi walikuwa zaidi wanaume, na wake zao walibaki nyumbani nchi kavu. Reli iliposhusha nauli ya mizigo, nahodha hakumudu tena kulipa kodi ya nyumba na mishahara ya vibarua, hivyo mke na watoto wakahamia mashuani. Waliishi katika chumba kimoja cha urefu wa mita tatu hivi, chenye jiko la makaa, kabati ambalo mlango wake uliangushwa ukawa meza, na kitanda cha kukunjwa mchana. Mama alishika usukani na kufungua loki, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia mashua kwa maji, na hakupewa mshahara wake mwenyewe. Watoto walikosa shule. Mwanaharakati George Smith wa Coalville alipiga kelele juu ya hali hiyo hadi Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1877 ya kusajili mashua hizo kama makazi. Kuhusu Wajipsi, asili ya wengi wa watu hawa ilikuwa vijiji na miji iliyopakana na mifereji.

Mvuke nao husifiwa kupita kiasi. Mashua za mvuke, kama ile iitwayo President, iliyoundwa mwaka 1909 na ambayo bado inaelea, zilikuwa chache, kwa sababu tangi la mvuke na mashine vilikula nafasi ya mizigo. Farasi mmoja, akitembea ukingoni, alivuta tani 25 na zaidi. Kilichomwondoa farasi hasa ni injini ya mafuta, zikiwemo Bolinder za Sweden, na hata hivyo nahodha Joe Skinner wa mfereji wa Oxford aliendelea na baghala wake hadi miaka ya 1950. Mashua yake, Friendship, imehifadhiwa katika makumbusho ya mashua ya Ellesmere Port, kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: kwamba mashua ya mbao huokolewa kwa kuitoa majini. Mashua hizi hazina mkuku, yaani boriti ya chini inayotokeza kama uti wa mgongo. Tumbo lake ni bapa, la mbao za mti wa elmu zilizolazwa kukingama, na ubavu ni wa mwaloni, huku viungo vikizibwa kwa kalafati ya nyuzi za kamba kuukuu na lami. Ikiwekwa nchi kavu, mbao husinyaa na viungo huachana. Ukiirudisha majini inavuja kila mahali. Elmu iliyozama muda wote hudumu. Inayoua ni mvua inayotuama ngamani, yaani chini ndani ya mashua, na kupenya kwenye viungo vya juu, penye unyevu na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana baadhi ya mashua zilizotelekezwa na kuzamishwa makusudi, kama zile za mabwawa ya Harefield, ziliweza kuibuliwa na kutengenezwa upya.

Wapo pia wanaosema kwamba ukishabadilisha mbao, si mashua ileile tena. Mafundi walibadilisha mbao tangu mashua hizi zikiwa kazini. Hiyo ilikuwa sehemu ya maisha yake. Kinachoifuta kweli ni msumeno. Mashua nyingi za mita 21 au 22 zilikatwa zikawa fupi, nyingine zikajengewa vyumba juu ya sehemu yote ya shehena ili zifae kwa makazi au utalii. Kwangu mimi, mashua ya mizigo isiyo na mahali pa kuweka mzigo imepoteza zaidi kuliko iliyobadilishiwa tumbo zima.

Wala kuingia makumbusho si mwisho wa kazi. Makumbusho ya Ellesmere Port yalifunguliwa mwaka 1976, na mashua zake bado zinahitaji kupakwa lami, kuzibwa na kufunikwa dhidi ya mvua, kazi inayodai fundi na fedha bila kukoma. Nyingine nyingi zimo mikononi mwa watu binafsi, na baadhi yao wangali wanazifanyisha biashara: hupita mifereji wakiwauzia makaa, gesi na dizeli wakazi wa mashua za leo, shehena ikiwa imepangwa palepale ilipokuwa ikipangwa zamani.